Mrejesho: ile Mauser ya baba mkwe yenye ufa

Wakuu, nimerudi. Niliuliza hapa kama mti (ile sehemu ya mbao inayobeba chuma) wa bunduki ya baba mkwe, Mauser 98, uliopasuka nyuma ya bolti (komeo la kupakia risasi), niugundishe au nibadilishe. Nimebadilisha. Huku Minnesota, Marekani, nilipata mti mpya wa walinati (mbao ngumu) uliochongwa nusu, nikadhani ni kazi ya wikendi moja. Imenila wiki sita! Unapaka chuma masizi, unakikandamiza kwenye mti, unakwangua penye alama, unarudia. Mpaka ndotoni.

Nyuma ya kile kijino cha chuma kinachopokea teke la bunduki nimejaza epoksi (gundi inayokauka ngumu), na mtutu hauugusi mti tena. Karatasi inapita chini yake bila kukwama. Aliyenikataza vanishi, asante sana: nimepaka mafuta ya kitani, mikono saba.

Kuijaribu kwa shabaha bado, nasubiri theluji iyeyuke. Mti wa zamani upo ukutani, mke kakataa usitupwe.