Naomba ushauri: chumba cha faragha katika jumba la Beit al-Sahil

Wanajamvi, salaam. Naandika tamthilia kuhusu mwaka 1859, Barghash alipomwasi kaka yake, Sultani Majid wa Zanzibar, huku dada zao Khole na Salme wakimuunga mkono muasi. Onyesho ninalolibuni linawakutanisha Majid na Khole peke yao, lakini jumba lililojaa masuria, watoto na watumishi halina siri. Nimejaribu kuwaweka juu ya paa, nikaona sauti zingesikika nyumba za jirani. Nikawahamishia chumba cha ndani chenye mlango mmoja, mazungumzo yakapoa, labda kwa kuwa hakuna tena wa kumwogopa. Je, nimbakize mjakazi mlangoni? Na Khole, wakiwa faraghani, amwite Majid "Bwana" au "ndugu yangu"?