Mliowahi kufika Galway, mlisafirije? Tupeane uzoefu

Wakuu habari. Mdogo wangu kapata chuo University of Galway, kule magharibi mwa Ireland, Septemba anatua Dublin na mabegi mawili makubwa. Ndege za abiria za ratiba hazitui Galway tangu 2011, kwa hiyo lazima avuke nchi. Mliopita huko semeni mlitumia nini, kwenda na kurudi.

Mswahili_wa_Baridi: Siku ya kwanza asihangaike na treni kabisa. Uwanja wa Dublin haujafikiwa na reli, treni ya Galway inaondokea stesheni ya Heuston huko mjini, sasa na mabegi yale apande basi kwenda Heuston, ashuke, aburuze, ndo apande tena? Kampuni za mabasi Citylink na GoBus wanapakia palepale uwanjani, mabegi yanaingia buti, masaa kama mawili na nusu hadi matatu yuko Galway na Eyre Square, pale katikati ya mji, iko jirani tu. Ila asikate tiketi ya basi la karibu sana na muda wa kutua, foleni ya uhamiaji kwa sisi wa viza haitabiriki.

BintiPwani: Kwa mabegi nakubali, lakini akishazoea treni ni raha jamani. Choo kipo, unanyoosha miguu, pale Athlone unavuka mto Shannon unaangalia maji. Tiketi ya mtandaoni mapema mara nyingi ni nafuu, na jina lako linaandikwa kwa taa juu ya siti, kwa hiyo ukiona siti ina jina la mtu usijikalishe, utainuliwa mbele za watu 😂

Msee_wa_Limerick: Mimi niko Limerick, hiyo ya Dublin hainihusu. Kama ndege inaweza kushuka uwanja wa Shannon, huku jirani na Limerick, aichukue, basi namba 51 la Bus Éireann linapitia uwanjani likienda Galway. Shida ni ndege zenyewe, kutoka Nairobi ama Dar zile connection nyingi zinakuleta Dublin tu.

MzeeWaKona: Hakuna anayeongelea kurudi, na kurudi ndo kuna kazi. Ijumaa wanafunzi wote wanaenda kwao, Jumapili wanarudi, basi zinajaa. Mke wangu aliachwa kituoni na kampuni moja siitaji jina, basi limejaa na yeye hakuwa amebook, akasubiri lingine huku saa ya ndege inakimbia. Na wiki ya mashindano ya farasi mwishoni mwa Julai ndo usiseme, mji wote unafurika. Ukiwa na ndege ya asubuhi nenda na basi la usiku, bora usinzie uwanjani.

BintiPwani: Pole yake shemeji.

Dereva_Mstaafu: Wanaotaka kukodi gari, Ireland wanaendesha kushoto kama kwetu, hutapata taabu. Barabara ya M4 halafu M6 moja kwa moja, kuna vituo viwili vya kulipia njiani. Ila ukiingia Galway mjini foleni utaichukia na parking ni pesa. Gari linanoga kwa Connemara, kule mashambani magharibi ya Galway. Visiwa vya Aran hata gari huhitaji, kuna basi mpaka bandari ya Rossaveal unaunganisha na boti.

*Mtoa mada:* Nimewasoma, basi la uwanjani limeshinda. Akishafika, humo mjini anatumia nini?

Mswahili_wa_Baridi: Leap Card ya mwanafunzi, ile kadi ya kulipia nauli ya basi, nauli inashuka. Mvua ikikatika atembee, mji mdogo ule.