Sisi tukichelewa siku moja tunafukuzwa, hakimu akikalia jalada nani anamuuliza?

Wakuu, nina hasira, ila naanza na yaliyotokea.

Mama mdogo wangu ananunua machungwa kwa wakulima wa Muheza na kuyauza kwa jumla. Mnunuzi mmoja wa hapa Tanga mjini alichukua mzigo msimu mzima, hela hakutoa. Kesi ikafunguliwa. Katikati tukasikia jamaa anauza malori yake. Wakili akaandaa maombi mali izuiwe kabla ya hukumu, akaambatanisha kiapo na hati ya udharura. Udharura, wakuu! Maombi yakapokelewa kwenye mfumo, kontroo namba ikatoka, ada ikalipwa. Halafu kimya. Ukienda masjala: "Jalada liko kwa mheshimiwa." Ukirudi: "Mheshimiwa yuko semina." Baadaye likizo. Tanga ni waja leo warudi leo, lakini jalada likiingia chemba halirudi.

Siku maombi yanaitwa, malori yana mwenyewe mwingine. Na bado upande wa pili ukaleta pingamizi la awali kwamba tumetaja kifungu cha sheria kisicho sahihi. Maombi yakaondolewa, na gharama tukabebeshwa.

Mahakama siitaji wala hakimu simtaji, kesi ya msingi bado ipo.

Sasa tazameni sheria inavyotubana sisi. Mdaiwa ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi. Anayekwenda Mahakama ya Rufani ana siku 30 za kuweka notisi ya kukata rufaa. Ukipitisha, unaomba kuongezewa muda, na Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima uitolee maelezo. Uliumwa? Lete cheti. Ulifiwa? Apa. Aliyekalia maombi ya dharura mpaka dharura ikaisha yenyewe, yeye anaapa mbele ya nani?

Najua kuna atakayeniletea uhuru wa mahakama. Ibara ya 107B ya Katiba naijua, na uhuru ule ni wa kuamua. Anikatalie kwa sababu zake, nitakata rufaa. Kutofungua jalada si uamuzi, na kimya hakikatiwi rufaa. Tena ibara iliyotangulia, 107A, inaziagiza mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, wala zisifungwe na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki. Namba ya kifungu iliyokosewa ni nini kama si hilo hilo?

Kinachouma zaidi ni kwamba kila kitu kinasajiliwa kwa mtandao siku hizi. Siku na saa tuliyowasilisha inajulikana. Basi wenye kesi waoneshwe pia jalada lilipangiwa hakimu lini na alilifungua lini. Likikaa bila amri, aandike sababu humo humo ndani, kama sisi tunavyoapa. Na sababu hizo ziangaliwe anapopandishwa cheo.

Pa kulalamika papo. Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011 iliweka kamati za maadili za mahakimu: ya wilaya anaongoza Mkuu wa Wilaya, ya mkoa Mkuu wa Mkoa, na juu yao kuna Tume ya Utumishi wa Mahakama. (Mteule wa Rais kumhoji hakimu mimi sikufurahii, ila hilo lina uzi wake.) Lakini nimeuliza watu Ngamiani na Chumbageni, hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia kamati hiyo. Tangazo ukutani mahakamani sijaliona. Mama mdogo mwenyewe hataki kusikia habari ya barua: "Mwanangu, mtu huyo huyo ndiye atakayeniamulia kesi."

Kwa hiyo nauliza. Kuna yeyote wa Tanga, Muheza, Korogwe au Pangani aliyewahi kulalamikia jalada kukaliwa? Barua ulimwandikia nani, na ulijibiwa? Na mawakili mliomo humu: tukilalamika sasa kesi ikiwa inaendelea, tunaweza kuomba hakimu mwingine, au tusubiri hukumu kwanza?