Naomba ushauri: nimepewa mkataba wa kutunza nyumba tupu za benki hapa Ohio, nisaini?

Kipanga wa Mbozi:

Wakuu, habari za majukumu. Niko Columbus, Ohio. Kiangazi hiki nimekuwa nakata nyasi kwenye nyumba tupu, zile ambazo wenyewe wameshindwa marejesho ya mkopo na benki iko mbioni kuzichukua. Nilikuwa chini ya jamaa mwenye tenda. Sasa kampuni iliyo juu yake imeniletea mkataba wa kwangu mwenyewe: kubadili vitasa, kuziba madirisha, kutoa takataka na kukausha mabomba kabla ya baridi. Wanakata asilimia 25 ya kila oda na malipo yanatoka baada ya siku 45.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Walinipa oda ya majaribio, kubadili kitasa cha mlango wa nyuma. Oda inasema nyumba haina mtu. Nafika, taa ya jikoni inawaka, pipa la taka limetolewa barabarani, na kupitia kioo cha mlango naona begi la shule la mtoto juu ya kiti, na chupa ya maji pembeni yake. Jirani akaniambia mama wa pale anafanya kazi za usiku. Nikapiga picha kwa nje, nikaondoka bila kugusa kitasa. Msimamizi kanijibu kwamba oda hiyo hailipwi na itahesabiwa kuwa sikuifanya.

Naomba mnisaidie: nilifanya sawa? Na mkataba nisaini? Nina pikapu, trela na mashine ya nyasi. Kompresa ya hewa ya kukausha mabomba sina. Nina familia, siwezi kucheza na hela.

Mzee wa Vitasa:

Mkuu, ulifanya sawa kabisa. Msimamizi asikuyumbishe. Mpaka mahakama iamue na nyumba iuzwe, yule mama ndiye mwenye nyumba, hata kama hajalipa mwaka mzima.

Hili jambo limewahi kufika mbali. Mwaka 2013 mwanasheria mkuu wa jimbo la Illinois aliishtaki kampuni kubwa ya kitaifa ya kazi hizi, akidai mafundi wake walikuwa wanawafungia nje watu ambao bado wanaishi kwenye nyumba zao. Mwaka 2015 ikakubali kulipa dola milioni 1 kumaliza kesi. Jimbo la Washington nako, mwaka 2016, mahakama ya juu ilisema vifungu vya mkopo vinavyoiruhusu benki kuingia na kubadili vitasa kabla ya mnada vinapingana na sheria ya jimbo. Ohio ina sheria zake, lakini funzo kwa fundi ni lile lile: karatasi ya benki haikupi ruhusa ya kuvunja mlango wa mtu anayelala mle ndani.

Tena angalia wapangaji. Mwenye nyumba anaweza kuwa kaondoka zamani, kumbe kuna familia imepanga na inalipa kodi. Kuna sheria ya shirikisho ya 2009, ikafanywa ya kudumu 2018, inayompa mpangaji halali notisi ya siku 90 angalau, hata baada ya nyumba kuchukuliwa.

Mwenyewe akirudi akakukuta na drili mlangoni kwake, benki haipo pale na msimamizi hayupo pale. Uko wewe peke yako, na huku watu wengi wana bunduki.

Mama Wambui:

Kaka, pole kwa hiyo oda. Mimi na mzee wangu tumefanya kazi hii Cleveland tangu shida ya mikopo ya 2008, wakati mitaa kama Slavic Village ilikuwa na nyumba tupu kila upande, na wezi wanang'oa mabomba ya shaba mchana kweupe. Nikuambie ukweli kuhusu pesa.

Benki inalipa kampuni ya kitaifa, hiyo inapea kampuni ya mkoa, hiyo inakupea wewe. Kila mmoja anakata. Chukua oda ya dola 100: kwako inafika 75. Toa mafuta, toa ada ya dampo, toa kijana wa kukusaidia, halafu kumbuka kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, inapigwa kwa sehemu kubwa ya faida yako, mbali na kodi ya mapato. Na hiyo 75 unaingoja siku 45 huku stima na kodi ya nyumba hazingoji.

Lakini asilimia 25 sio kitu kibaya zaidi kwa huo mkataba. Kibaya ni hicho kimekupata tayari. Kama unalipwa tu ukikuta nyumba haina mtu, basi kampuni inakulipa usione watu. Leo wewe umeona begi la mtoto na ukaondoka. Kesho kuna fundi ana njaa, ako na gari la mkopo, ameendesha maili 60, na hataona hilo begi. Kwa hivyo kabla usaini, waandike kwa mkataba kwamba safari ya kukuta watu ndani inalipwa. Wakikataa, ondoka.

Kifungu kingine cha kusoma pole pole ni kile cha kukurudisha nyuma. Wanaweza kukulipa leo, na baadaye wakate pesa hiyo kwa oda zako zingine wakisema picha haikutosha. Lazima kuwe na mwisho wa muda wa kufanya hivyo. Na picha ndizo mshahara wako: kabla, wakati unafanya, baada, zikiwa na tarehe, kutoka pembe ile ile. Hata nyasi: kwa nyumba za FHA, zile mkopo wake una bima ya serikali, mwongozo wa HUD, wizara ya nyumba ya shirikisho, unataka zisizidi inchi 2 baada ya kukatwa, kwa hivyo simamisha rula kwa nyasi na upige picha.

Plaiwudi kwa madirisha sahau. Ohio ilipiga marufuku tangu 2017 kuziba nayo nyumba zilizotelekezwa, tunatumia plastiki ngumu ya kuona ndani. Na ukiajiri mtu hata mmoja, bima ya kuumia kazini Ohio unanunua kwa mfuko wa jimbo, BWC.

Papa Bukavu:

Jambo ndugu. Mimi niko Dayton, nitasema juu ya maji tu, kwa sababu hapo ndipo mafundi wapya wanapoteza pesa.

Kompresa si ya kuazima kila mara, nunua. Kwanza kabisa funga maji kwenye mita, halafu pima mabomba kama yanashika: jaza hewa mpaka psi 35 kwenye geji ya kupima nguvu ya hewa, ngoja dakika 30, piga picha ya geji mwanzo na mwisho. Sindano ikishuka, kuna bomba limepasuka zamani. Andika ripoti siku ile ile. Bila picha hiyo, bomba likikutwa limepasuka wakati wa masika, watasema ni wewe, na bei ya ukarabati itakatwa kwako.

Kisha zima hita ya maji na uimwage yote, hiyo inachukua muda, usiiharakishe. Unganisha kompresa mahali pa mashine ya kufulia, fungua bomba moja moja, ukianza na la mbali, mpaka itoke hewa kavu tupu. Choo: vuta maji, kausha tangi na bakuli kwa sifongo. Halafu mimina dawa ya pinki ya kuzuia kuganda, ile isiyo na sumu, ndani ya choo na kwenye kila kona ya bomba inayobaki na maji: sinki, bafu, tundu la sakafuni kule chumba cha chini ya ardhi. Mashine ya vyombo inasahaulika sana. Bandika karatasi ya onyo kwenye kila sinki na choo.

Nyumba inayopashwa joto kwa maji ya boila na radieta ni kazi nyingine na bei nyingine, usiikubali kwa bei ya kawaida. Na kama chini kuna pampu ya kutoa maji ya mvua, usizime umeme. Ukizima, ukirudi utakuta maji magotini na ukungu ukutani.

Kipanga wa Mbozi:

Asanteni sana wazee wangu, na dada Mama Wambui ubarikiwe. Nimewaandikia kwamba sisaini bila malipo ya safari na bila ukomo wa kukatwa. Swali la mwisho: vitu vilivyoachwa ndani? Nyumba nyingine nimechungulia dirishani nikaona albamu za picha na nguo za mtoto mchanga.

Mzee wa Vitasa:

Kabla ya mnada hivyo ni mali ya mwenye nyumba, hata kama vinaonekana takataka. Unachoruhusiwa kutoa ni kile kilichoandikwa kwenye oda, kwa kawaida chakula kinachooza na vitu vya hatari. Vingine piga picha chumba kwa chumba, uache. Ukikuta bunduki au dawa za hospitali, usishike, piga simu polisi na uandike saa uliyopiga.

Friji usilifungue ndani ya nyumba kama umeme ulikatwa kiangazi. Zungushia mkanda, litoke likiwa limefungwa, na uvae barakoa.

Mama Wambui:

Na hizo albamu, kama oda ya kutoa vitu ikikuja baada ya mnada, uliza kwanza kwa maandishi kama wenyewe wamepewa nafasi ya kuzichukua. Sisi huziweka kwa sanduku kando, na tunaandika kwa ripoti ziko wapi. Kuna mama alizifuata.