Naomba ushauri: Mama kawekewa goti bandia, kukunja bado ni shida

Habari zenu wapendwa. Mama yangu, miaka 68, aliwekewa goti bandia la kulia, sasa yuko wiki ya sita. Tunaishi Kibosho, Moshi. Namshukuru Mungu kidonda kimefunga, hana homa, wala shavu la mguu halijavimba.

Kinachonisumbua ni kukunja. Akikaa ukingoni mwa kitanda goti halifiki nyuzi 90. Tunamwekea barafu, anatembea na fremu, na akishameza dawa ya maumivu anapitisha kanga chini ya unyayo na kuvuta kisigino taratibu, jasho linamtoka. Usiku anaomba mto chini ya goti. Mtaalamu wa mazoezi alikataza, goti lisije likakakamaa likiwa limepinda. Inaniuma sana kumnyima.

Kliniki ni wiki ijayo, ila ningependa kusikia kwa waliouguza. Wagonjwa wenu walifikisha nyuzi 90 baada ya muda gani, na nini kiliwasaidia zaidi?

La pili, choo chetu ni cha kuchuchumaa na hawezi kabisa. Kiti cha kuweka juu yake mlichongesha kwa fundi au mlinunua? Kimo chake kiwe kiasi gani? Asanteni sana.