Je, marejeo mengi yanatosha kumpima mkemia wa nadharia?

Muulizaji: Ndugu zangu, naandaa tathmini ya mkemia wa nadharia ambaye makala zake ni chache, lakini moja imerejelewa (yaani kutajwa katika makala za watafiti wengine) mara nyingi kupita kiasi. Je, niipe uzito gani?

Jibu la 1: Anza kwa kuuliza ni nani wanaoirejelea. Makala ya Lee, Yang na Parr ya mwaka 1988, iliyotoa fomula ya kukadiria nishati ya uwiano wa mienendo ya elektroni, imerejelewa makumi ya maelfu ya mara, kwa sababu kila mkemia wa maabara anayetumia B3LYP, mbinu ya kukokotoa sifa za molekuli inayotegemea fomula hiyo, katika kompyuta yake hulazimika kuitaja, hata kama hajawahi kuisoma. Huo ni ushahidi wa manufaa makubwa, nami nauheshimu sana, ila haupimi kina cha fikra.

Jibu la 2: Naafikiana nawe. Naongeza kwamba kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005 (h ni idadi ya makala za mtafiti ambazo kila moja imerejelewa angalau mara h), kitamwonea mtu huyo: mwenye makala kumi hawezi kuvuka h ya 10, hata zote zikirejelewa mara elfu.

Muulizaji: Nashukuru, ndugu. Basi nitaisoma makala yenyewe kwanza, kisha nitenganishe wanaoiendeleza nadharia yake na wanaoitumia tu kama chombo.

Jibu la 1: Vyema. Usisahau pia programu alizoandika.