Naomba ushauri: nyimbo za jioni, baridi inapoanza Mbeya

Habari zenu wakuu. Nina mgahawa mdogo wa chai hapa Mwanjelwa. Mvua zimekata, jioni wateja wanaingia na makoti, wanashika kikombe kwa mikono miwili, na muziki wa kurukaruka hawautaki kabisa. Nimetafuta mtandaoni nyimbo za msimu huu, nikaletewa "September" ya Earth, Wind & Fire ya 1978. Tamu sana, ila kwao Marekani Septemba ndipo majani yanaanza kupukutika. Kwetu ni joto linaanza. Nimejaribu Mbaraka Mwinshehe, watu wakatulia, mzee mmoja akaongeza chai. Naombeni: zilipendwa gani nyingine zina gitaa la taratibu? Na za kizazi kipya, zipi zinaendana nazo?